Betri Niliyoiosha

Niliiosha mimi. Kwa maji ya bomba, dodoki na sabuni ya ndimu.

Miezi saba nimekana. Nimekana kwa maneno, nimekana kwa kunyamaza, nimekana nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa huyo huyo niliyemkosea, nikinywa chai yake. Ninyi rafiki zangu mnaonikamata sokoni na kuniuliza safari ya Mocímboa ilikuwaje, na imekuwaje safari ya asubuhi moja ikala siku nne, hamtaelewa kitu nisipoanza na lile dodoki.

Wifi yangu Mwanaisha, mdogo wa mume wangu, anauza samaki. Ana baiskeli ya umeme yenye kichanja nyuma, ambayo aliitafuta kwa udi na uvumba. Alfajiri anapakia samaki na barafu pale ufukweni kwenye ghuba ya Tungue, hapa kwetu Palma, na kabla jua halijapata nguvu ameshazunguka vitongoji vitatu. Siku moja niliiazima nipeleke vitabu shuleni. Nikaenda, nikarudi, sikuanguka. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema hadi leo.

Lakini kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu wala hakirudi kitupu. Sufuria ya kuazima hurudi inang'aa, na ndani yake pana japo chane ya ndizi. Basi nikaiosha baiskeli. Ile betri nayo ilikuwa inanuka changu wa juzi, nikaona ni aibu kuirudisha inanuka hivyo. Nikaichomoa, nikaisugua pande zote mpaka povu likajaa, nikaisuuza, nikaianika juu ya kichanja cha vyombo pamoja na masufuria. Kisha nikatia kilo ya mchele kwenye kikapu cha baiskeli, nikaipeleka kwa mwenyewe. Mwanaisha alinishukuru sana. Wiki ya tatu betri ikafa.

Nina shahada ya chuo kikuu. Nilisomea jamii na utamaduni, na huenda ndiyo sababu nikauheshimu utamaduni kuliko umeme.

Lawama zikamwangukia Athumani, aliyeuza ile betri. Ni mtu mpole, mtoto wa mshona nyavu aliyehamia hapa kutoka Lindi, na duka lake liko nyumba tatu kutoka kwetu. Aliifungua betri akasema ndani mna maji. Mwanaisha akasema yeye hajaimwagia maji, na alikuwa anasema kweli. Wakagombana. Mazungumzo yakafika msibani, wanawake wakisema betri za Athumani ni za karatasi. Mimi sikusema hivyo. Nilisema tu, "Eee, vitu vya siku hizi," nikaitikia kwa kichwa. Kumbe kichwa cha msomi kikiitikia msibani ni sawa na muhuri. Baada ya mwezi Athumani aliondoa betri zote rafuni, akabaki na ndala na tochi.

Mwanaisha akaendelea kukanyaga pedali, baiskeli nzito, samaki wazito, njia ya mchanga. Kisha kambi ya wajenzi nje ya mji ikatafuta mtu wa kuwapelekea samaki kila siku. Mpishi mkuu, Dona Filomena, akampa Mwanaisha nafasi ya kujaribiwa Jumamosi: samaki wawe langoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na barafu iwe bado ni barafu. Akishindwa, kazi inakwenda kwa Bakari mwenye pikipiki. Kwa pedali, Mwanaisha alikuwa akifika kule saa mbili na barafu imeshakuwa supu.

Nikajitolea kwenda Mocímboa kutafuta betri ya kuaminika. Ukoo mzima ukausifu moyo wangu mwema. Mume wangu peke yake alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko sifa zilivyohitaji.

Palma hadi Olumbi: milango minane na mbuzi

Niliondoka Jumanne asubuhi na pikapu ya Amadi, ambayo ilikuwa imepakia milango minane mipya. Juu ya milango amefungwa mbuzi, na juu ya mbuzi hakuna kitu, kwa kuwa mbuzi hakukubali. Mimi nilikaa mbele, betri mbovu iko mapajani, nimeiviringisha kanga isipate vumbi. Niliichukua ili fundi aone ukubwa wake.

"Dotora, mtoto wa nani huyo?" Amadi akauliza. Huku kwetu ukishamaliza chuo unaitwa dotora, uwe umesomea mifupa au mashairi.

"Ni betri, Amadi."

"Ahaa. Mbona umeifunika uso?"

Alitaka kujua imekufa kwa nini. Nikamwambia ni ubora hafifu wa bidhaa. Nilitumia maneno hayo hayo, ubora hafifu, kwa kuwa nimegundua uongo ukivaa nguo za darasani hakuna anayeusimamisha njiani.

Olumbi tulikuwa tupite tu. Milango ilikuwa ya Bwana Momade, ambaye baada ya kukimbia vita na kurudi, kukimbia na kurudi, sasa ameamua kujenga nyumba yenye milango ya kweli ili, kama alivyosema, akikimbia tena awe na kitu cha kufunga. Vipimo alikuwa amevituma Palma kwa seremala kwa njia ya kamba: fundo moja kuonyesha urefu, fundo jingine kuonyesha upana. Aliyebeba kamba ni Amadi.

Tukashusha mlango wa kwanza. Haukuingia. Wa pili haukuingia. Wa nne ulipogoma watu wote wa mtaa walikuwa wamefika, wengine na viti vyao. Kila mlango ulikuwa umezidi vidole vinne.

"Mafundi wa siku hizi!" Amadi akasema, akitikisa kichwa kwa uchungu. Nikaijua ile sauti. Ilikuwa sauti yangu.

Hapo ndipo mbuzi alipochoka kungoja, akaruka chini kutoka kwenye gari na kamba yake shingoni.

"Amadi," Bwana Momade akaita.

"Naam."

"Mbuzi wako kavaa nini?"

"Kamba."

"Ya nani?"

Amadi akamtazama mbuzi kama vile yeye ndiye atakayejibu. Kamba ilikuwa na mafundo yake mawili, yale yale. Ikajulikana kwamba njiani kwenda kwa seremala Amadi alinunua mbuzi, akakosa cha kumfungia, akamfunga kwa vipimo vya milango. Mbuzi kavuta wiki nzima kabla seremala hajaiona kamba. Kamba ikarefuka vidole vinne.

"Nimekosa, bwana wangu," Amadi akasema. "Nilidhani mbuzi hana nguvu hivyo."

Hukumu ilitolewa pale pale bila mawakili: faini ni mbuzi mwenyewe. Kabla ya adhuhuri mbuzi alikuwa sufurini, kamba iko msumarini, na Amadi ameshika randa anaipunguza milango, anacheka kuliko waliokuwa wakimcheka. Nikaona jambo ambalo sikutaka kuliona: kukiri kulichukua muda mfupi kuliko kumchuna mbuzi. Nami nikala wali na nyama ya toba ya mtu mwingine, tena nikaomba niongezewe mchuzi.

Kuondoka siku ile hakukuwezekana. Milango ilikuwa minane na randa ilikuwa moja. Isitoshe, mtu haondoki kwenye nyumba ambayo moto umewashwa kwa ajili yake. Alasiri mke wa Bwana Momade akanijia kwa unyenyekevu.

"Dada, mtoto hajalia tangu asubuhi. Hajambo kweli?"

Akainua ncha ya kanga, akarudi nyuma hatua tatu. "Ya Allah! Sanduku!"

Baada ya kucheka mpaka tukafuta machozi, ukaanza uganga. Mmoja akasema betri iliyokufa huzikwa kwenye mchanga wa moto toka asubuhi hadi jioni, kama mtu mwenye baridi yabisi. Mwingine akasema la, huwekwa kwenye barafu. Bibi mmoja aliyekuwa akipeta mchele akauliza kwanza, "Ilianza kuumwa baada ya nini?"

Ni swali la maana ambalo daktari yeyote angeliuliza. Nikasema haijulikani, nikageuka kuangalia milango.

Olumbi hadi Mocímboa: mbele ya askari

Jumatano tulianza safari mapema, milango saba ikiwa inafunga vizuri na wa nane unafunga ukiusukuma kwa goti. Kwenye kizuizi cha askari tulishuka kama kawaida, vitambulisho mkononi. Mimi nilishuka na kifurushi changu kifuani.

Sasa jiulizeni ninyi. Kwenye barabara ile, pamoja na yote iliyoyaona, mwanamke wa makamo anashuka garini amekumbatia kitu kizito ndani ya kanga, na chini ya kanga umetokeza waya mwekundu na waya mweusi. Mimi sikujiuliza. Nilisema, "Salama, wanangu?"

"Mamã, weka chini," askari kijana akasema. "Taratibu. Rudi nyuma. Tena. Tena."

Nilirudi nyuma mpaka nikaingia kwenye shamba la mihogo la watu. Amadi, katika kunitetea, akapaza sauti, "Chefe, mkuu, msiogope, ni mgonjwa!" Hilo halikusaidia.

Askari yule alikuwa mtu wa bara, lakini Kiswahili chake kilitosha kuniaibisha.

"Hiki nini?"

"Betri ya baiskeli."

"Baiskeli iko wapi?"

"Palma."

"Betri inakwenda Mocímboa, baiskeli imebaki Palma."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Naandika makala."

Akaitazama betri, akanitazama mimi kwenye mihogo. "Mwandishi mwenye betri isiyo na baiskeli," akasema polepole, kama mtu anayejaribu mlango uliozidi vidole vinne.

Ilibidi tumngoje mkuu wao, na mkuu wao alikuwa anakula. Tulingoja kwa heshima. Hata wao walingoja kwa heshima, wakiwa mbali na betri, na mbuzi wa watu akapita akainusa akaenda zake bila kudhurika, jambo lililowapa askari moyo. Mkuu alipofika, mkono mmoja una mkate, akachuchumaa, akainama, akanusa. Kumbe kabla ya jeshi alikuwa fundi umeme.

"Imekufa hii," akasema. Akanusa tena. "Mbona inanukia kama bafu la mama yangu?"

"Ni hewa ya bahari," nikasema.

Akaniangalia. Nadhani kazi ile humfundisha mtu kutambua sura za wanaoficha kitu, na pia kutambua kama kinachofichwa kinahusu serikali. Akanirudishia betri yangu. "Mocímboa nenda kwa Sualehe, nyuma ya soko. Usinunue kwa mtu betri ambayo Sualehe hajaipima." Kisha akawaambia vijana wake watusaidie kusukuma gari, kwa sababu katika kungoja Amadi alikuwa ameacha taa zinawaka, na betri ya pikapu nayo ikatangulia mbele ya haki.

Mocímboa: sufuria ya maharage

Kibanda cha Sualehe kina mabati mapya juu ya kuta za zamani zenye masizi. Ni mtu mwembamba wa umri wangu, ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na zamani alitengeneza redio. Siku ile ya Jumatano tulifika kashafunga, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni.

Aliifungua betri ya Mwanaisha, skrubu baada ya skrubu. Akanusa, kama ilivyokuwa desturi sasa. Akakwangua kitu cheupe kilichogandia kwenye waya, akalowesha vidole viwili, akakisugua. Kikatoa povu.

"Dotora."

"Naam."

"Betri hii imeoga."

"Labda mvua."

"Mvua ya Palma ina sabuni?"

Nikamwambia hali ya hewa siku hizi imebadilika sana.

"Mimi si kadhi," Sualehe akasema, akavua miwani akavaa ile mingine. "Nauliza tu nisije nikakupa nyingine ukaipeleka kisimani."

Akatuma watu sokoni zikaletwa betri tatu kutoka kwa wauzaji watatu, zote zenye ukubwa unaofaa. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ina karatasi yenye rangi ya dhahabu na picha ya radi. Ya pili ilikuwa nyeusi, kubwa, imetuna kidogo tumboni. Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura: imevalishwa turubai la buluu lililoshonwa kwa mshipi wa kuvulia, haina jina wala picha. Mimi nilichagua ile ya radi.

"Subiri," akasema Sualehe. "Betri zikishiba zote ni watu wema. Ibebeshe mzigo ndipo utaijua."

Mzigo wenyewe ulikuwa hivi. Alikuwa na taa za mbele za magari mabovu, na Mocímboa haina uhaba wa magari mabovu. Aliunga taa nne nne kwa kila betri, akazipanga uani. Kisha mkewe, Bi Zuhura, akainjika sufuria ya maharage. Taa zinawashwa maharage yanapoinjikwa. Betri ambayo taa zake zinazimika kabla maharage hayajaiva, hiyo hairudi nyumbani kwa mtu. Inayoangaza mpaka yakaiva, hiyo ni betri.

"Kwa nini usitumie saa?" nikauliza, daftari mkononi.

"Saa hailiwi," akajibu Bi Zuhura.

Taa za betri ya radi zilizimika kabla maji hayajachemka. Sualehe akaifungua. Vibetri vidogo vilivyomo ndani, nusu vilikuwa vyepesi kama maganda ya karanga. Alipokata kimoja ukamwagika unga mweupe. Bi Zuhura akaulamba kwa ncha ya kidole na kutoa hukumu: "Si wa ngano."

Nikaona nimekaa tu kama mgeni, si vizuri. Bi Zuhura alipotoka kuchota maji nikaona maharage hayajatiwa chumvi. Nikatia. Konzi moja ya haja, kwa moyo mweupe.

Wapishi mlio miongoni mwenu mmeshashika vichwa. Maharage yanayotiwa chumvi mapema yanakaza roho. Saa ya kuiva ikafika, hayakuiva. Ikapita. Sualehe akaja akabonyeza moja kwa vidole, likaruka likamgonga miwani. Betri ya pili, ile iliyotuna, ikaanza kupata joto na kutoa harufu ya mpira ulioungua; akaikokota kwa fimbo hadi pembeni akaizika mchangani kama mhogo. Mapajani daftari langu lilikuwa limejaa alama za kuuliza. Adhuhuri ikaadhiniwa.

"Zuhura, leo maharage yana nini?"

Bi Zuhura akaonja mchuzi, akatema, akageuka akanitazama.

"Aliyeosha betri," akasema, "ndiye aliyetia chumvi."

Sikukana. Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi saba, na nilishangaa kwamba paa halikuanguka.

Lakini tazameni: taa nne za betri ya buluu zilikuwa bado zinawaka. Tulibadilisha maji, tukachochea, tukangoja. Wateja wakaja kutazama. Mmoja akaanza kushangilia betri kama timu ya mpira. Maharage yalipoiva, muda ulikuwa umekuwa kama mara mbili ya kipimo cha kawaida, na taa zilikuwa zinawaka. Tukala. Zinawaka. Tukanywa chai. Hapo ndipo zikaanza kuwa nyekundu, zikafifia kwa adabu, zikazimika moja baada ya nyingine kama wageni wanaoaga.

"Nipe hiyo," nikasema.

"Nilijua," Sualehe akasema. "Zinatoka kwenu hizi."

"Kwetu wapi?"

"Palma. Kuna mtu anaitwa Athumani. Anapima kibetri kimoja kimoja, kibovu anatupa. Anazileta huku kwa sababu huko kwao hawazitaki, wamemzushia kitu, sijui nani." Akaigeuza betri, akaupapasa mshono wa mshipi. "Koti hili aliliongeza baadaye. Anasema betri ya mteja wake mmoja ilikufa kwa maji, na mpaka leo hajui maji yaliingiaje. Akasema basi kosa ni lake, hakuifunga vizuri. Akakaa miezi anashona mpaka akapata hii. Unaweza kuitosa baharini."

Akaitazama ile betri iliyooga, mezani. Akanitazama mimi. Akavaa miwani yote miwili kwa pamoja.

"La haula," akasema.

Nilikuwa nimesafiri siku mbili, nimekula mbuzi wa watu, nimesimama kwenye mihogo mbele ya bunduki, nimeharibu chakula cha nyumba niliyokaribishwa, ili ninunue betri kwa mtu anayekaa nyumba tatu kutoka mlangoni kwangu.

Kurudi

Ijumaa Amadi alinipitia. Kizuizini yule askari kijana aliuliza, "Mamã, mgonjwa kapona?" Nikamwambia amepata mrithi. Akaomba kuishika. Akaishika kama anavyoshikwa mtoto, chini ya shingo na chini ya matako.

Olumbi hatukuweza kupita bila kuitazama milango. Bwana Momade alitufungulia na kutufungia yote minane, mmoja mmoja, huku tumesimama nje, na kila mara tulitakiwa kusema mashallah. Wa nane ulikuwa umepunguzwa kupita kiasi, sasa kuku anapita chini yake.

"Huo ni wa kuku," Amadi akasema.

"Huo ni wa mbuzi wako," akasema Bwana Momade, nao wakacheka kwa raha ya watu wasiodaiana neno. Mimi njia nzima hadi Palma nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi.

Mwanaisha alinipokea uani kwa vigelegele. Aliichukua ile betri, akaigeuza. Kidole chake kikapita juu ya mshono, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.

"Umeipata wapi, wifi?"

"Mocímboa," nikasema. Na ilikuwa kweli ilitoka Mocímboa, kama samaki anavyotoka sokoni.

"Mocímboa," akarudia. "Haya. Ahsante, wifi yangu. Mungu akulipe." Hakuniuliza zaidi. Nikaenda nyumbani na hotuba yangu nzima, haijatumika. Nilikuwa nimesahau kwamba yule ni mtu wa samaki: tangu utotoni anajua kila jarife la ufukweni, wavu mkubwa wa kuvulia, limeshonwa na nani kwa kutazama fundo lake. Kwangu mimi, mwenye shahada, fundo ni fundo.

Simu

Jumamosi nilikaa barazani na simu mkononi tangu kuswali. Saa kumi na mbili ikapita. Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja simu ikaita.

"Wifi!" Mwanaisha alikuwa anapiga kelele, na nyuma yake kulikuwa na watu. "Nimefika kabla ya muda! Mlinzi alikuwa bado amelala. Dona Filomena katia mkono kwenye barafu, kautoa, kautia tena, hakuamini. Amesema kesho nije, na keshokutwa, na kila siku. Bakari akatafute watu wa kubeba!"

Nikasema alhamdulillahi. Machozi yalinitoka, nikaona kama sitasema sasa sitasema tena. Na pia, nikiri yote, kwa simu haonekani mtu uso.

"Mwanaisha, sikiliza. Ile betri yako ya kwanza niliiua mimi. Niliiosha. Siku ile niliyoiazima, ilikuwa inanuka samaki, nikaiosha kwa maji na sabuni. Athumani hakukosa kitu. Nimenyamaza miezi saba wewe ukikanyaga pedali na yeye akisemwa. Nisamehe."

Kuku wa jirani akapita. Kisha ikaja sauti, ya mbali kidogo, na haikuwa ya Mwanaisha.

"Sabuni gani?"

"Nani huyo?" nikauliza.

"Athumani," Mwanaisha akasema. "Niko dukani kwake. Simu iko kwenye spika, mikono yangu ina magamba. Mshono niliujua tangu jana, wifi. Nikaja jioni ile ile kumwomba radhi. Wewe nilikuwa nangoja nione utasema lini."

"Sabuni gani, dotora?" Athumani akauliza tena. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haraka, kama mtu aliyepoteza kitu na sasa anasikia kinabingirika chini ya kitanda.

"Ya ndimu," nikasema.

Nikasikia kitu kama kofi. Alikuwa amepiga meza.

"Mama Salima! Mama Salima, njoo! Ndimu! Si nilikwambia mimi inanukia ndimu? Si ulisema nimechanganyikiwa? Miezi saba nanusa betri kama paka, mke wangu ananisomea dua! Ndimu!" Akakaribia simu mpaka nikasikia pumzi yake. "Dotora, yameisha. Wallahi yameisha, sina neno na wewe. Ila rudia. Mke wangu hajasikia."

Nikarudia. Nilirudia mara nne, kwa maana kila mteja aliyeingia dukani asubuhi ile alitaka kuanza kusikia pale kwenye dodoki.